Amechanjwa malaria mara tatu na bado ameugua. Nafasi ya nne iko tupu, je, nimechelewa?

Mama_Nyalenda
Hamjambo nyote. Naandika nikiwa kando ya kitanda, mtoto ndio kwanza amepata usingizi. Ana miaka miwili na miezi minne. Ijumaa alianza joto, Jumamosi akakataa hata uji, Jumapili nikambeba nikaenda apimwe. Wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha mistari miwili. Malaria. Amepewa AL, ile dawa ya malaria, leo ni siku ya pili, afadhali anaomba maji mwenyewe.

Kilichonileta hapa ni kitabu cha kliniki. Yule nesi alipokifungua ili aandike, akaniuliza, "Mama, na hii ya nne?" Nikaangalia. Chanjo ya malaria ya miezi sita, tarehe ipo. Ya miezi saba, ipo. Ya miezi tisa, siku moja na ya surua, ipo. Ya miezi 24, peupe. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilimpeleka mwezi ule ule alipofikisha miaka miwili, nikaambiwa nirudi Alhamisi. Alhamisi nilikuwa na omena, dagaa wa ziwani, za kupeleka soko la Kibuye. Sikurudi, na Alhamisi nyingine ikapita, na nyingine.

Dani yake, yaani bibi yake, amesikia habari hiyo na tangu jana hanyamazi. "Si niliwaambia? Mmemdunga mtoto mara tatu na homa imemshika vile vile." Sina jibu la kumpa. Nauliza mambo mawili: nimechelewa? Na kama mtoto aliyechanjwa anaugua hivi, sindano yenyewe inafanya nini?

Boda_Kondele
Pole sana dada. Mimi si daktari lakini dani ana hoja. Nilisikia kwenye redio kwamba hiyo chanjo inafanya kazi asilimia 36. Yaani kati ya watoto mia, 64 wanadungwa bure. Mimi nikiuziwa tairi linaloshika lami asilimia 36 nalirudisha dukani siku hiyo hiyo.

Mama_Manyatta
Nafuatilia. Wangu pia hana ya nne. Nilidhani ni tatu tu.

Nesi_wa_Nyando
Mama Nyalenda, kwanza dawa. AL ni mara sita, asubuhi na jioni kwa siku tatu, hata akianza kuruka ruka kesho. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, inaingia mwilini vizuri zaidi. Watu wengi huacha mtoto akichangamka halafu vidonge viwili vinabaki kabatini "vya siku nyingine". Usifanye hivyo.

Kuchelewa: hujachelewa. Zile tatu hazijafutika na hutaanza upya. Akishapona, mpeleke na kitabu chake.

Sasa Boda. Hesabu yako nimeisikia mara nyingi sana, hata kwa watu wenye digrii. Ile 36 haihesabu watoto, inahesabu homa. Jaribio kubwa lilifanywa kati ya 2009 na 2014, watoto 15,459, vituo 11 katika nchi saba za Afrika. Kenya ilikuwa na vituo vitatu, na viwili viko huku kwetu: Kombewa na Siaya. Cha tatu ni Kilifi. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, ukijumlisha visa vyao vyote vya malaria kwa takriban miaka minne, vilikuwa pungufu kwa asilimia 36 kuliko vya wale ambao hawakupata.

Mtoto wa Nairobi anaweza kumaliza utoto wake bila malaria hata mara moja. Wa kwetu? Anaugua, anapona, anaugua. Ndiyo maana asilimia ile ile ina uzito tofauti kila mahali. Kwa wastani wa vituo vyote, kila watoto 1,000 waliopata dozi nne waliepushwa visa 1,774. Lakini mahali ambapo malaria imeenea zaidi, visa vilivyozuiwa vilipita 6,000 kwa kila watoto 1,000. Gawanya mwenyewe.

Boda_Kondele
Sita kwa kila mtoto?

Nesi_wa_Nyando
Sita na ushee. Bila shaka hawakugawana sawa, kuna aliyeepushwa kumi na kuna aliyeepushwa moja. Lakini fikiria safari sita za usiku kwenda hospitali, na wewe ndiye unayewabeba akina mama hao na unajua wanakulipa shilingi ngapi.

Boda_Kondele
Saa nane ya usiku silipishi mama mwenye mtoto anayetetemeka. Ila nimekuelewa. Tairi silirudishi tena.

Mwalimu_Mumias
Mulembe. Swali la pili la Mama Nyalenda halijajibiwa: sindano inafanya nini? Niwaeleze kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa biolojia.

Chukueni ufuo wa Dunga, pale ziwani Kisumu, alfajiri. Mbu akiuma, anaingiza vimelea wachache sana kwenye damu, mara nyingi hawafiki hata mia. Hao ni mitumbwi inayotia nanga. Ndani ya saa moja hivi wameshafika kwenye ini na kujificha humo karibu wiki nzima, na kila mmoja anazaa maelfu. Wakitoka ini ndio wanavamia chembe za damu, na hapo ndipo joto na kutetemeka kunapoanza. Chanjo hii, RTS,S, inaufundisha mwili kutambua protini inayokifunika kimelea pale ufuoni, kabla hajafika kwenye ini. Inakagua mitumbwi. Lakini ikiponyoka mmoja tu, ini litatoa maelfu kama kawaida, na chanjo haina habari na hao wa kwenye damu, kwa sababu wamevaa sura nyingine kabisa.

Ndiyo sababu mtoto aliyechanjwa anaweza kuugua. Na ulinzi wenyewe hupungua miezi inavyokwenda, kwa hiyo hiyo ya miaka miwili inakuja kuwaamsha wakaguzi waliosinzia.

Mama_Nyalenda
Mwalimu, hiyo ya Dunga nitamwambia dani. Yeye alizaliwa ufuoni. Na ile ya nne, nikiikosa kabisa, napoteza nini? Niambieni ukweli, si kunituliza.

Nesi_wa_Nyando
Ukweli basi. Katika jaribio lile lile kulikuwa na kundi lililopata tatu bila ya nne. Visa vya malaria ya kawaida vilipungua kwa asilimia 28 badala ya 36. Tofauti si kubwa sana. Lakini kwa malaria kali, ile ya kuongezewa damu na kupoteza fahamu, waliopata nne walikingwa kwa asilimia 32, na waliopata tatu, ukihesabu kipindi chote hadi mwisho, ilikuwa asilimia 1. Moja, mama. Takwimu hizo nimezibandika ukutani kazini kwangu.

Na hiyo ya nne ndiyo inayokosa wateja. Ya tatu inabebwa na surua ya miezi tisa. Surua ya pili ni miezi 18. Kisha huku kwetu malaria ya nne imeachwa peke yake kwenye miezi 24, wakati mama ameshasahau njia ya kliniki, pengine ana mimba nyingine au amerudi kazini. Ghana waliliona hilo wakaisogeza ya nne hadi miezi 18 ili ipande gari moja na nyingine. Kwa maoni yangu walifanya la maana.

Mti_na_Mizizi
Mnasumbuka bure. Muarobaini upo nyuma ya kila nyumba. Chemsha, kunywa, homa inatoka. Wazee wetu walichanjwa na nani?

Jaduong_Asembo
Wazee wetu walizika watoto, kijana. Mimi ni mzee na niliwazika ndugu zangu wawili kabla sijaanza shule.

Nataka kusema jambo kwa Mama Nyalenda na hasa kwa dani yake, maana tuko rika moja. Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa kibarua katika utafiti wa neti hapa Asembo. Tulikuwa tunazitumbukiza kwenye dawa kwa mikono, kwenye mabeseni, chini ya mwembe. Mnadhani watu walifurahi? Waliotukaribisha walikuwa wachache. Wengine walisema neti nyeupe inafanana na sanda, huwezi kumlaza mtoto aliye hai ndani ya sanda. Wengine walisema tumeleta dawa ya kufunga uzazi. Na kila mtoto wa ndani ya neti alipopata homa, mama mkwe alisema maneno hayo hayo ya dani: si niliwaambia?

Watoto wa ndani ya neti waliugua, ni kweli. Lakini matokeo yalipotoka, vifo vya watoto wa mwezi mmoja hadi miezi kumi na moja vilikuwa vimepungua kwa asilimia 23 katika vijiji vilivyopata neti. Tusingejua kwa kutazama nyumba moja. Ukitazama nyumba moja unaona mtoto mwenye homa ndani ya neti. Lazima uhesabu makaburi ya tarafa nzima.

Leo mtu akikosa neti analalamika. Ingawa wengine bado wanazungushia sukuma wiki, na wengine wanaanikia omena. Sitaji majina.

Mama_Nyalenda
Jaduong', ile ya omena nimeiacha mwaka jana 🙈

Mwalimu_Mumias
Ndugu Mti, si kwamba miti haina dawa. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti wa Amerika ya Kusini. Sehemu moja ya AL unayopewa kliniki imetokana na mmea wa jamii ya pakanga, na Tu Youyou wa Uchina alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua dawa ya mmea huo. Hata ndani ya chanjo tunayoizungumzia kuna kichocheo cha kinga kinachotolewa kwenye gome la mti wa Chile uitwao Quillaja. Tofauti ni kwamba hiyo ilipimwa, ikajulikana kiasi gani kinasaidia na kiasi gani kinadhuru. Sufuria ya muarobaini ya jirani yako ni chungu kiasi gani leo, na kesho je?

Msomaji_Milimani
Nesi, nakuheshimu, lakini unatoa upande mmoja. Katika jaribio hilo hilo kulionekana homa ya uti wa mgongo zaidi kwa waliochanjwa, malaria ya ubongo, na wasichana waliochanjwa walikufa zaidi kuliko ambao hawakuchanjwa. Mbona hayo hayako ukutani kwako?

Nesi_wa_Nyando
Umesoma vizuri, na nashukuru kwa kuleta hapa badala ya WhatsApp. Ni kweli, mambo hayo matatu yalionekana. Hakuna aliyeweza kusema kama ni chanjo au ni bahati mbaya ya hesabu, kwa sababu matukio yenyewe yalikuwa machache. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, WHO, haikuruhusu itolewe kila mahali mara moja. Ilisema ianze kwa majaribio ya utoaji katika nchi tatu, na watoto wafuatiliwe kwa mambo hayo hayo. Malawi na Ghana zilianza Aprili na Mei 2019, Kenya tukaanza Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, halafu kaunti nyingine za ukanda wa ziwa.

Walipofuatilia idadi kubwa ya watoto, yale matatu hayakujirudia, wala kwa wasichana. Ndipo WHO ikapendekeza chanjo hiyo tarehe 6 Oktoba 2021. Kufikia mwisho wa 2023 watoto karibu milioni mbili walikuwa wamefikiwa katika nchi hizo tatu, na vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, vya sababu zote ukitoa ajali, vilikuwa vimepungua kwa asilimia 13. Na familia hazikuacha neti, jambo ambalo wengi tuliliogopa.

Madhara yaliyobaki ni haya: joto baada ya kudungwa, mkono au paja kuuma, na watoto wachache sana kupata degedege ndani ya siku saba kwa sababu ya joto hilo. Hilo ninamwambia kila mama kabla ya kufungua sindano. Akichemka usiku, arudi. Asimpeleke kwa mganga kwamba ni ndege amepita juu ya nyumba.

Msomaji_Milimani
Sawa. Hilo ndilo jibu nililotaka.

Vihiga_Juu
Mimi nina dukuduku tofauti. Dada yangu aliolewa kaunti ndogo ya jirani, mtoto wake alipata 2020. Wangu, umri sawa, sisi tukaambiwa haijafika. Ilifika Machi 2023 na wangu alikuwa ameshapita umri. Baadaye nikasikia tuliachwa makusudi ili tulinganishwe nao. Yaani sisi tulikuwa kioo cha wenzetu?

Mwalimu_Mumias
Kwa lugha kali, ndiyo. Kaunti ndogo ziligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi zianze, nyingine zingoje. Bila wale waliongoja, swali la Milimani hapo juu lisingekuwa na jibu hadi leo. Na chanjo yenyewe isingetosha wote mwaka ule. Lakini ningekuwa wewe, mimi pia ningekasirika, hasa kama hakuna aliyekuja kwenye baraza kuwaeleza.

Vihiga_Juu
Hakuja mtu.

Kijana_wa_Maseno
Swali fupi. Ile chanjo nyingine ya malaria, ya Oxford, R21, si ndiyo nzuri zaidi? Nimeona asilimia 75. Kwa nini tunatumia ya 36?

Nesi_wa_Nyando
Unalinganisha mbio za mita mia na marathoni. Ile 75 ni ya miezi 12 ya kwanza, tena mahali ambapo malaria ni ya msimu na watoto walidungwa kabla tu ya mvua. Mahali pa malaria ya mwaka mzima, na Kilifi kilikuwa kimojawapo, ilikuwa 68. RTS,S nayo katika mwaka wake wa kwanza ilikuwa karibu 56, ile 36 ni baada ya miaka minne. Hazijawahi kushindanishwa uwanja mmoja. WHO iliipendekeza R21 Oktoba 2023 na haisemi ipi inaishinda nyingine. Uzuri wa R21 ni bei, dola 2 hadi 4 kwa dozi, na Serum Institute ya India inaweza kutengeneza nyingi. Inayopatikana kliniki yako ndiyo nzuri.

Baba_Pacha_Nakuru
Wadau, niko Nakuru, Lanet. Vitabu vya pacha wangu havina kabisa hiyo chanjo. Disemba wanaenda kwa nyanya yao Ugunja, huko Siaya, wiki nne. Wana mwaka mmoja na nusu. Niogope?

Mwalimu_Mumias
Kiasi. Nakuru mko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na usiku wenu ni wa baridi. Kimelea kikiwa ndani ya mbu kinahitaji joto ili kikomae, na baridi ikizidi mbu anakufa kabla mzigo haujaiva. Ndiyo maana chanjo ililetwa kwanza kaunti nane za huku: Homa Bay, Migori, Kisumu, Siaya, Busia, Vihiga, Kakamega na Bungoma. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2020, ukanda wa ziwa ulikuwa na vimelea kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa, nchi nzima kwa jumla 6.

Nesi_wa_Nyando
Baba Pacha, hao wako ndio wageni wanaoniogopesha mimi. Binamu zao wa Ugunja wameshaugua mara kadhaa na miili yao imejifunza kidogo. Wa Nakuru hawajui chochote, malaria ya kwanza inaweza kuwa ya kulazwa. Wabebee neti yao wenyewe, ya dawa, usitegemee kwamba itapatikana huko, nyumba ya nyanya ikijaa wajukuu Disemba wanalala sakafuni bila neti. Joto likitokea, kipimo siku hiyo hiyo, si Panadol kwanza tuone. Na wakirudi Lanet wakapata joto ndani ya mwezi mmoja, mwambie daktari kabla hajauliza: walikuwa ziwani. Kuna watoto hutibiwa mafua huko juu mpaka wanazidiwa, kwa sababu hakuna aliyewaza malaria.

Baba_Pacha_Nakuru
Asante sana. Neti mbili nanunua wiki hii.

Mama_Manyatta
Nesi nirudi kwangu. Leo nimeenda na kitabu, kituo fulani karibu na kwangu. Nimeambiwa chanjo ipo lakini nirudi siku nyingine. Ipo, lakini nirudi! Hiyo ni lugha gani?

Mama_Nyalenda
Ndivyo nilivyoambiwa mimi pia!!

Nesi_wa_Nyando
Nisiwafiche. Chupa moja ya RTS,S ina dozi mbili. Ni unga, unachanganywa na dawa yake ya maji, na ukishachanganya una saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Nesi akiona mtoto mmoja amekuja peke yake, anawaza ripoti ya mwisho wa mwezi, ataulizwa mbona amemwaga. Basi anasema rudi Alhamisi, akitumaini Alhamisi watakuja wawili. Nimewahi kulifanya hilo mimi mwenyewe na silitetei. Heri kumwaga dozi kuliko kumwaga mama. Dozi moja iliyomwagwa inaandikwa kwenye ripoti, mama asiyerudi haandikwi popote.

Mama_Manyatta
Kwa hiyo tukienda wawili?

Nesi_wa_Nyando
Mkienda wawili hana la kusema.

Mama_Manyatta
Mama Nyalenda, angalia inbox yako.

Mama_Nyalenda
Wadau, narudi baada ya siku kumi. Mtoto alimaliza dawa, akapona, akarudi kula kama mchungaji. Leo asubuhi nimekutana na Mama Manyatta kwenye steji, mara ya kwanza tunaonana, tukajuana kwa watoto migongoni. Tumefika dirishani pamoja, vitabu viwili mezani. Nesi ametutazama, akatazama vitabu, akacheka peke yake. Akafungua friji, akachanganya ule unga, akavuta ya wangu, akavuta ya wake, chupa ikaisha. Wangu amelia, wake hajalia, na nimeambiwa nisitaje jambo hilo humu lakini nimetaja. Usiku huu ana joto kidogo, tuliambiwa, namwangalia.

Dani hajasema kwamba sindano inafaa. Nimemweleza ya mitumbwi ya Dunga akanisikiliza mpaka mwisho, akasema wakaguzi wa ufuoni anawajua, wanakula hongo. Kisha baada ya chakula akauliza, kama mtu asiyeuliza kitu, yule mjukuu wake mwingine wa Ahero, wa miaka miwili, kitabu chake kiko wapi.

Boda_Kondele
Ahero niko huko Jumatano. Kama yuko peke yake tafuteni wa pili mapema, nabeba wote.